Kikombe cha Maji na Mfereji



Liko swali moja ambalo Mkristo apendaye kufikiri hana budi kujiuliza walau mara moja maishani mwake. Swali lenyewe ni hili: Wema mdogo wafaa nini mbele ya ubaya mkubwa? Dunia ina vita, njaa, magonjwa na dhuluma. Sisi tuna bakuli la uji tunalompelekea jirani mgonjwa, na nauli tunayomlipia mzee ndani ya daladala. Je, vitu hivyo vyaweza kuwekwa katika mizani moja? Au Mkristo ajifariji tu kwa vitu vidogo, kwa sababu hana nguvu ya kutenda vilivyo vikubwa?

Swali hili si la wenye elimu peke yao. Mama auzaye mboga katika soko la Kilombero hujiuliza akimwona mtoto wa mitaani mara ya tano kwa siku moja: nimpe leo, na kesho je? Mkulima wa miteremko ya Mlima Meru hujiuliza ukame ukizidi, na jirani watatu wamekuja kuomba mahindi kwa juma moja. Hata katekista hujiuliza baada ya kutembelea wagonjwa kumi, na kumi na mmoja amefariki kabla hajamfikia.

Leo twataka kulitafakari swali hilo kwa kutazama mambo yaliyotukia Arusha na katika nchi ya Meru. Hatusemi kwamba watu wa huko ni wema kupita watu wa Songea, wa Mwanza au wa Tabora. Twachagua mahali pale kwa sababu yaliyowapata yaliwalazimu kulijibu swali hili kwa matendo, tena hadharani, taifa zima likitazama.

Kwanza tuangalie jambo la kila siku. Mtu apandaye kutoka Tengeru kwenda Akeri au Nkoaranga huona mifereji ya maji ikishuka kutoka mlimani, ikipita katikati ya migomba na mibuni. Mifereji ya namna hii ilichimbwa na wazee kwa mikono yao, wala haidumu yenyewe. Majani huota, udongo huporomoka, jiwe huziba njia. Basi watu hutoka kwa pamoja kuisafisha, na kila shamba lina zamu yake ya maji. Hakuna hata mmoja katika kazi hiyo atendaye jambo kubwa. Mmoja aondoa jiwe, mwingine akata majani, mwingine aamka alfajiri kumwachia jirani maji ya zamu yake bila kuyapunguza. Lakini wote wakiacha vitu hivyo vidogo kwa mwaka mmoja tu, mashamba ya chini hukauka. Msomaji na aushike mfano huu, maana tutauhitaji tena.

Katika kulijibu swali letu watu hupotea kwa njia mbili. Wa kwanza huudharau wema mdogo: husema ni tone baharini, hauondoi umaskini, wala hauzuii mauti. Wa pili huuridhia kupita kiasi: husema, nimempa maskini senti, nimetimiza sheria yote, na lililobaki si kazi yangu. Wa kwanza hujiona mwerevu, wa pili hujiona mtakatifu. Sisi twasema wote wawili wamekosea, nasi tutawajibu kila mmoja kwa zamu yake.

Tuanze na yule mwenye dharau. Yeye huupima wema kwa matokeo yake, kama mfanyabiashara apimavyo faida. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino atufundisha kwamba huruma ni kuguswa moyoni na taabu ya mwingine hata kusukumwa kumsaidia kadiri tuwezavyo. Tulitazame neno hilo: kadiri tuwezavyo. Kipimo cha huruma si ukubwa wa taabu, bali ni uwezo wa mtendaji na pendo lililomsukuma. Ndiyo maana Bwana wetu alipoketi mbele ya sanduku la sadaka hekaluni hakuhesabu fedha kama wahesabuvyo watunza hazina. Alimwona mjane na senti zake mbili, akasema ametoa kuliko wote. Wahenga wetu nao walilijua hilo waliposema: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Mwenye dharau aweza kujibu: Hayo ni maneno mazuri, lakini mbele ya msiba wenyewe yafaa nini? Basi tumchukue mpaka mahali pa msiba.

Tarehe 6 Mei 2017, siku ya Jumamosi, basi lililowachukua wanafunzi wa darasa la saba wa shule ya msingi ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia bondeni katika wilaya ya Karatu. Watoto hao walikuwa njiani kwenda kufanya mtihani wa majaribio pamoja na wenzao wa shule nyingine. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva wao. Jumla watu 35. Nchi yote ililia. Ni nani mzazi asiyekumbuka siku ile?

Katika barabara ile walipita watu waliokuwa na safari zao. Miongoni mwao walikuwamo Wamarekani wachache wa shirika la STEMM, waliokuja nchini kwa kazi ya kujitolea. Walisimama. Hilo ndilo tendo la kwanza, nalo kwa macho ya dunia ni dogo kabisa: mtu kusimamisha gari lake. Wakashuka bondeni, katikati ya vyuma vilivyopondeka, wasijue kama watamkuta hata mtoto mmoja mwenye uhai. Watoto watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja, waliokolewa. Walitibiwa kwanza hapa nchini, katika Hospitali ya Mount Meru. Kisha tarehe 14 Mei wakasafirishwa kwa ndege ya shirika la Samaritan's Purse, lililopewa jina la yule Msamaria wa Injili, wakapelekwa hospitali ya Sioux City, katika jimbo la Iowa. Mwezi Agosti mwaka uleule wakarudi nyumbani.

Hapa mwenye hesabu kali atasema: ni watatu tu. Naam, ni watatu. Lakini na amwulize mama wa mmoja wao kama neno "tu" lafaa kutumika. Tena na atafakari jambo lililo zito zaidi. Wale walioshuka bondeni hawakushuka kwa sababu walikuwa na hakika ya kuokoa. Lau wangaliwakuta watoto wote wamekwisha kufa, je, kushuka kwao kungalikuwa bure? La hasha! Kungalikuwa tendo lilelile, lenye pendo lilelile, na mbele ya Mungu lenye thamani ileile. Kumfunika marehemu nguo, kumtoa bondeni kwa heshima, kumkabidhi kwa wazazi wake: hayo hayabadili matokeo hata kidogo, walakini hakuna mtu mwenye utu asemaye kwamba hayana maana. Kanisa limeyahesabu tangu zamani kuwa moja ya matendo ya huruma, kuzika wafu, ingawa marehemu hawezi kushukuru wala kulipa.

Tarehe 8 Mei uwanja wa Sheikh Amri Abeid ulijaa umati uliokuja kuwaaga watoto wale na walimu wao. Aliyeongoza maombolezo alikuwa Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati ule Makamu wa Rais. Katika uwanja wenye jina la sheikh, Wakristo na Waislamu waliomboleza pamoja. Na baada ya siku ile kubwa zilifuata siku nyingi ndogo, zisizoandikwa katika magazeti. Kila afiwaye aijua hali hiyo. Siku ya mazishi nyumba hujaa watu. Siku ya arobaini kiti kimoja hukaliwa, na pengine hakikaliwi kabisa. Jirani ajaye siku hiyo, akaketi kimya, akachota maji, akawasha moto, huyo hamfufui aliyekufa. Lakini huizuia huzuni isimmeze aliyebaki. Je, hilo ni dogo?

Basi twamwambia mwenye dharau: wewe unaona idadi, hukumwona mtu. Misiba mikubwa haimpati "umma"; yampata mama huyu, baba yule, mtoto huyu mwenye jina lake. Na mtu mmoja hafikiwi kwa mpango wa jumla peke yake. Hufikiwa na mkono wa mtu mwingine, ambao daima ni mdogo.

Lakini mtu aweza kuuliza: Ikiwa wema huu watendwa na watu wa kila dini, hata na wasio na dini, imani ya Kikristo yaongeza nini? Swali ni la haki, nalo hatulikwepi. Mungu ameandika sheria ya upendo katika mioyo ya watu wote, na Mkristo asiyefurahi kuuona wema wa asiye Mkristo bado hajamwelewa Muumba wake. Hata katika mfano wa Bwana wetu, aliyesimama njiani hakuwa kuhani wala Mlawi, bali mgeni, tena wa kabila lililodharauliwa.

Imani yaongeza mambo mawili. La kwanza, yatufundisha ni nani tunayekutana naye. Katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo Bwana ajitambulisha mwenyewe na mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa na mfungwa. Hakusema kwamba mtu huyo ni mfano wake au mjumbe wake. Alisema ni yeye mwenyewe. Kwa Mkristo basi hakuna mtu mdogo, na kwa hiyo hakuna wema ulio mdogo. Kikombe cha maji baridi, asema Bwana, hakitakosa thawabu yake. Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24 tu, aliijenga njia yake yote ya utakatifu juu ya ukweli huo. Hakutoka nje ya nyumba ya watawa kwenda kutenda makuu. Alimvumilia mwenzake msumbufu, akatabasamu alipochoka, akafanya kazi ndogo kwa pendo kubwa. Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwalimu wa Kanisa, sawasawa na wanateolojia wakubwa walioandika vitabu vizito.

La pili, imani yavunja mpaka. Ni rahisi kumtendea wema ndugu, mtu wa kabila letu, mtu wa jumuiya yetu. Ni vigumu kumtendea wema yule tunayemwogopa au tunayemshuku. Na hili nalo lilijaribiwa Arusha kwa moto.

Tarehe 5 Mei 2013, siku ya Jumapili, waamini wa Olasiti, pembezoni mwa mji wa Arusha, walikusanyika kuzindua parokia yao mpya ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Balozi wa Baba Mtakatifu katika nchi yetu, Askofu Mkuu Francisco Padilla, alikuwapo, pamoja na Askofu Mkuu Josaphat Lebulu wa Arusha. Bomu likatupwa katikati ya watu. Watu 3 walipoteza maisha, na zaidi ya 60 walijeruhiwa. Waliokuja kwa furaha na kwa nyimbo waliondoka wakichukuliwa hospitalini.

Tufikiri kwa makini juu ya kesho yake. Mtu aliyejeruhiwa mwanawe atoka nyumbani asubuhi, na jirani yake wa dini nyingine atoka pia. Miaka yote wamesalimiana. Je, leo watasalimiana? Siku nyingine zote salamu ni kitu kidogo hata hatuioni. Siku ile salamu yaweza kuwa tendo kubwa kuliko hotuba. Akiizuia, amemsaidia aliyetupa bomu, kwa kuwa atupaye bomu kati ya watu hataki kuua watu watatu peke yao. Ataka kuua ujirani wa mji mzima. Akiitoa, amelikataa bomu lile mara ya pili. Wala hatusemi kwamba salamu yatosha mahali pa sheria. Wahalifu na watafutwe, wahukumiwe kwa haki. Lakini mahakama haina uwezo wa kurudisha ujirani. Ujirani hurudishwa na watu wawili mlangoni, kwa neno moja: Habari za asubuhi, baba? Poleni na msiba, mama.

Hadi hapa tumemjibu yule mwenye dharau. Sasa tumgeukie wa pili, yule aliyeridhika, na pengine yeye ndiye aliye hatari zaidi katika parokia zetu, kwa sababu huja kanisani kila Jumapili.

Turudi mlimani, tena miaka mingi nyuma. Mwishoni mwa mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki mwa Mlima Meru, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu kwa ufugaji. Nyumba ziliteketezwa. Wengi walikataa kuhamia Kingori, mahali walipoonyeshwa na serikali, wakaenda kukaa kwa ndugu na jirani zao katika miteremko ya mlima, ambako mashamba yalikuwa yamekwisha kubana. Wakristo wengi wa Meru wakati ule walikuwa Walutheri, matunda ya misioni ya Nkoaranga iliyoanzishwa mwaka 1902, nasi Wakatoliki twaweza kujifunza kwao bila aibu yo yote. Mtu mwenye kihamba kidogo alimpokea mwenye watoto na mbuzi. Sufuria iliyokuwa ya watu sita ikawa ya watu kumi na wawili.

Je, Wameru waliishia hapo? Lau wangalisema, tumewapa waliofukuzwa mahali pa kulala na chakula, basi yametosha, ukarimu wao ungaligeuka kuwa usaidizi kwa dhuluma. Aliyefukuza angalifurahi mno kuona wengine wanaubeba mzigo wake. Lakini hawakuishia hapo. Watu walewale, wenye ndizi na kahawa kidogo, walitoa michango ili mtu wao apelekwe kudai haki. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York, na pamoja na mwanasheria Earle Seaton akaipeleka kesi ya ardhi ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Katika Baraza Kuu azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili ya kura zilizotakiwa. Kwa hesabu ya siku ile walishindwa. Lakini ulimwengu ulikwisha kusikia sauti ya mkulima wa Tanganyika akinena mwenyewe juu ya ardhi yake. Miaka miwili baadaye, mwaka 1954, chama cha TANU kilizaliwa, na mwaka 1961 nchi ikawa huru.

Tazameni basi, wasomaji wapenzi: mkono uliotoa chakula na mkono uliotoa mchango ulikuwa mkono uleule. Wema mdogo wa kweli haujifungi jikoni. Ukimpa mtu chakula leo kwa sababu amefukuzwa, pendo lilelile litakuuliza: ni nani aliyemfukuza, na kwa haki gani? Anayelizima swali hilo amelizima pendo lenyewe.

Jambo hili si siasa iliyoingizwa katika dini. Mtakatifu Gregori Mkuu, Papa wa karne ya 6, alifundisha kwamba tunapowapa maskini mahitaji yao ya lazima twawarudishia kilicho chao, na kwamba hilo ni kulipa deni la haki zaidi kuliko kutenda huruma. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya utume wa walei, ulionya waziwazi kwamba madai ya haki yatimizwe kwanza, lisije likatolewa kama zawadi ya upendo lile ambalo kwa haki ni deni. Tena ulitaka tuondoe visababishi vya mabaya, si matokeo yake tu.

Sasa tutumie kipimo hicho nyumbani kwetu. Bibi mmoja humcheleweshea msichana wake wa kazi mshahara wa miezi mitatu, kisha siku ya Noeli humpa kanga mpya, na wageni humsifu. Hiyo kanga si wema. Ni sehemu ndogo ya deni iliyofungwa kwa karatasi nzuri. Mnunuzi wa kahawa au mahindi hupunja kilo katika mizani, kisha hutoa mchango mnono siku ya mavuno ya parokia. Mwenye nyumba huwapandishia kodi wapangaji bila kiasi, kisha huwapa watoto wao peremende. Kaka mkubwa humnyang'anya mjane wa mdogo wake kihamba, kisha humpelekea mkungu mmoja wa ndizi uliokatwa katika kihamba kilekile!

Hapa ndipo tunapouhitaji ule mfano wa mfereji. Mtu auzibaye mfereji juu, maji yote yakaingia shambani mwake, kisha akashuka na ndoo moja kumpa jirani wa chini aliye na kiu, je, huyo ametenda wema? Amebeba maji, ni kweli. Amechoka njiani, ni kweli. Lakini jirani yake hakuhitaji ndoo. Alihitaji mfereji ufunguliwe. Basi kila mmoja wetu, kabla ya kuijaza ndoo yake, apande kwanza juu na kutazama kama si yeye aliyeziba.

Lakini tuwe waangalifu, tusiangukie upande wa pili. Mfereji ukifunguliwa bado atakuwapo mzee asiyeweza kuinama kuchota. Haki ikitimizwa kabisa, bado wapo mgonjwa, mfiwa, mpweke na mwenye hofu. Hakuna serikali iliyo njema kiasi cha kumshika mkono bibi kizee usiku anapokata roho. Kwa hiyo haki haiondoi haja ya kikombe cha maji. Yakisafisha tu kikombe chenyewe. Haki bila huruma ni mfereji usio na mchotaji. Huruma bila haki ni ndoo ya mwizi.

Limebaki jambo moja, nalo ni namna ya kutoa. Siku hizi imeingia desturi ya kupeleka misaada pamoja na simu ya kupigia picha. Mtu atoa kilo mbili za sukari kwa yatima, na kabla hazijaingia ndani picha zimekwisha kuenea nchi nzima, uso wa mtoto ukionekana, na umaskini wake ukijulikana kwa watu asiowajua. Bwana wetu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Wazee wetu walisema: Tenda wema, nenda zako. Apokeaye ana heshima yake, nayo ni mali ambayo maskini huwa hana nyingine zaidi yake. Tukimpa unga tukamnyang'anya heshima, biashara hiyo ametupa faida sisi, si yeye.

Basi tufanye nini? Hatuna ushauri mgeni. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wa AMECEA wa mwaka 1976, walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa njia ya kwanza ya uchungaji katika nchi zetu. Zilikusudiwa ziwe ndogo ili mtu asipotee ndani yake. Katika jumuiya ya nyumba kumi na tano, asiyekuja hujulikana, na anayeugua huonekana. Jumuiya inayokutana kusali na kuchanga tu, bila kuuliza ni nani hakuja na kwa nini, imelisahau kusudi lake. Twapendekeza kwamba kila jumuiya, kabla ya sala ya mwisho, ijiulize maswali mawili. La kwanza: Juma hili ni nani kati yetu, au kati ya jirani zetu wa dini yo yote, anayehitaji kikombe cha maji? La pili: Je, kuna mfereji ulioziba, na ni nani kati yetu aliyeuziba? Swali la pili litakuwa chungu kuliko la kwanza. Lisiachwe.

Na ninyi wazazi, wafundisheni watoto mapema. Mtoto hajifunzi huruma kwa hotuba. Hujifunza anapotumwa na sahani iliyofunikwa kwenda kwa bibi wa jirani, akaambiwa asimwambie mtu. Hujifunza anapomwona baba yake akimlipa kibarua jioni ileile, kabla jua halijatua, pasipo kudaiwa. Hujifunza gari linaposimama njiani. Mtoto aliyeona mambo hayo matatu ameipokea katekisimu ambayo hataisahau.

Swali letu lilikuwa: wema mdogo wafaa nini mbele ya ubaya mkubwa? Jibu letu ni kwamba hakuna wema mwingine tuliopewa. Makuu yote tuyaonayo, kesi iliyofika New York, watoto watatu waliorudi nyumbani, mji uliokataa kugawanyika, yametendwa na watu ambao kila mmoja alikuwa na mkono mmoja, saa moja na nafasi moja. Mungu hatatuuliza kwa nini hatukuiokoa dunia. Mwokozi wa dunia ni mmoja, naye amekwisha kuiokoa. Atatuuliza juu ya yule aliyepita mlangoni mwetu akiwa na kiu.

Na Mama Bikira Maria, aliyeharakisha kwenda milimani kumtumikia jamaa yake Elisabeti, atuombee miguu myepesi na mikono isiyofumbata.